Kutembea Mwambao wa Pembrokeshire, Wales: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ikikaribia Aprili, jamaa na marafiki huanza kuniuliza kuhusu safari ya Pembrokeshire. Wengine wanaishi Uingereza miaka mingi na hawajawahi kuvuka kwenda Wales. Wengine wanatoka Dar es Salaam au Mombasa kumtembelea mtoto anayesoma huku na wanataka kuona bahari. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaweka pamoja na majibu yake. Mimi nimezaliwa pwani, na mambo mengi ya huku niliyaelewa kupitia yale niliyofundishwa utotoni kuhusu maji kujaa na maji kupwa.

Pembrokeshire iko wapi?

Ni pembe ya kusini-magharibi ya Wales, ardhi iliyojitokeza baharini kuelekea Ireland. Kwa Kiwelisi inaitwa Sir Benfro. Sehemu kubwa ya mwambao wake ni hifadhi ya taifa tangu 1952, na katika hifadhi zote za taifa za Uingereza, hii ndiyo iliyotengwa hasa kwa ajili ya pwani yake. Nyingine zilitengwa kwa ajili ya milima, nyika au misitu.

Nahitaji viza nyingine ya Wales?

Hapana. Wales ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, na viza ya Uingereza inatosha. Hakuna mpaka wa kukaguliwa. Utajua umeingia Wales pale vibao vya barabarani vitakapoanza kuandikwa lugha mbili.

Hiyo njia ya miguu ina urefu gani? Lazima niimalize yote?

Njia ya mwambao wa Pembrokeshire ina maili 186, yaani karibu kilomita 299. Inaanzia St Dogmaels kaskazini na kuishia Amroth kusini. Ilifunguliwa 1970. Tangu 2012 imeunganishwa na njia ya mwambao wa Wales nzima, yenye kilomita 1,400 hivi, kutoka Chepstow karibu na mto Severn hadi karibu na mji wa Chester. Alama yake ya Pembrokeshire ni tunda la mwaloni lililochorwa kwenye nguzo. Ukiliona, uko njiani.

Wanaoitembea yote kwa mkupuo huchukua wiki mbili hivi. Usidanganyike na ramani inayoonyesha njia imelala pembeni ya bahari. Kila kijito kinachoingia baharini kimechimba bonde lake, nawe unashuka hadi mchangani, unavuka, unapanda tena, na baada ya nusu saa unashuka upya. Ukijumlisha vilima vyote kutoka mwanzo hadi mwisho utakuwa umepanda zaidi ya mita 10,000. Magoti yatakwambia mapema kuliko mapafu.

Lakini hapana, si lazima uimalize. Wengi wetu tunaitembea vipande vipande, mwaka hadi mwaka. Kilomita 6 zenye ufuko mmoja mzuri katikati zinatosha kwa siku ya kwanza.

Niende miezi gani?

Mei na Juni, kama una uhuru wa kuchagua. Mvua hupungua, mchana ni mrefu, na ukingo wa njia hujaa maua: ya pinki yanayoota kwenye majani mafupi juu ya majabali, na ya njano kwenye vichaka vya miiba vinavyonukia kama nazi. Naam, kama nazi. Mara ya kwanza nilisimama nikatafuta nani anapika, kumbe ni kichaka.

Julai na Agosti shule zimefungwa, maegesho yanajaa kabla ya saa 4 asubuhi na vyumba hupanda bei. Septemba ni mwezi mzuri ambao watu hawauthamini ipasavyo: bahari imehifadhi joto la kiangazi na fukwe zimetulia. Kuanzia Novemba upepo wa magharibi huvuma siku nyingi mfululizo na jua la Desemba huzama karibu saa 10 jioni, kwa hiyo safari iwe fupi.

Kitu gani cha kwanza nikijue kuhusu bahari ya huko?

Maji. Namaanisha saa za maji kujaa na kupwa, kabla ya hali ya hewa, kabla ya viatu, kabla ya chakula.

Mtu wa Unguja au Lamu anajua bahari hupanda na kushuka, na wakati wa bamvua tofauti kule kwetu hufika mita 4 hivi. Pembrokeshire bamvua kubwa hufika mita 7. Hiyo ni nyumba ya ghorofa mbili. Ufuko uliouona asubuhi una upana wa viwanja vitatu vya mpira, alasiri unaweza kukuta mawimbi yanapiga ukuta wa jabali na hakuna mahali pa kuweka hata mguu.

Kwa hiyo usipange siku kwa kufuata saa ya mkononi peke yake. Nunua kijitabu cha saa za maji, kinauzwa bei ndogo madukani kote mwambaoni, au tazama kwenye simu. Kuwa mwangalifu na jambo moja: baadhi ya majedwali huandikwa kwa saa za Greenwich, na kiangazi Uingereza husogeza saa mbele kwa saa moja. Ukisahau kuongeza hiyo saa moja, hesabu yako yote imeharibika.

Kanuni za kwetu zinafanya kazi vilevile huku. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayakauki sana. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Na tangu maji yaanze kujaa, saa ya kwanza huja polepole, ila saa ya tatu na ya nne hukimbia. Hapo ndipo watu hunaswa: wanaona maji bado yako mbali, wanaendelea kupiga picha nyuma ya mwamba, wakigeuka njia ya kurudi imezibwa.

Habari njema ni kwamba katika mwambao huu bamvua hukauka kuanzia adhuhuri kwenda mbele kidogo. Ukija siku mbili baada ya mwezi kuandama au kupea, utapata mchanga mpana kabisa wakati wa chakula cha mchana. Mimi hupanga likizo kwa kuangalia kalenda ya mwezi kwanza.

Nimesikia kuna sehemu njia yenyewe inafunikwa na maji. Ni kweli?

Ni kweli, na ni sehemu mbili zinazojulikana: The Gann karibu na Dale, na Sandy Haven. Zote ni hori, na maji yakiwa makavu unavuka chini kwa chini. Sandy Haven una takriban saa mbili kabla ya maji kukauka kabisa na saa mbili baada yake. Ukichelewa, unazunguka kwa barabara za mashambani: karibu kilomita 6 Sandy Haven, karibu kilomita 4 The Gann.

Niliwahi kufika Sandy Haven nikiwa nimechelewa dakika 20. Mawe ya kuvukia bado yalikuwa yanaonekana, vichwa vyake vyeusi, vikiwa na mwani unaopepea kuelekea bara. Huo mwani ndio uliniambia: maji yalikuwa yanaingia, tena kwa nguvu. Nikasimama, nikahesabu mawe. Yalikuwa tisa juu ya maji. Nikafungua mkoba, nikanywa chai, nikahesabu tena, yakawa matano. Nikafunga kamba za viatu na kuzunguka. Kilomita 6 kwenye lami si kitu kizuri mwisho wa siku, lakini ulikuwa uamuzi sahihi, na ningeufanya tena.

Ufuko upi ni mzuri kuliko yote?

Kila mmoja ana wake. Nitakupa wangu na sababu zake.

Barafundle, kusini, karibu na Stackpole. Hakuna barabara inayofika pale. Unaacha gari kwenye gati dogo la Stackpole Quay, unapanda ngazi hadi juu ya jabali, unatembea kama nusu maili kwenye majani, unapita chini ya tao la mawe kwenye ukuta wa zamani, na hapo chini yako kuna ghuba ya mchanga wa dhahabu iliyofungwa pande mbili na miti nyuma. Hakuna duka, hakuna choo, hakuna mwavuli wa kukodi. Ulichokuja nacho ndicho utakachokula, na taka zako unarudi nazo. Asubuhi ya kawaida ya Juni, saa 1, niliwahi kuupata ukiwa hauna alama hata moja ya mguu isipokuwa za ndege.

Marloes Sands, magharibi. Hapa uje kwa ajili ya mawe. Tabaka za miamba zilizolala kama vitabu mamilioni ya miaka iliyopita zimesukumwa zikasimama wima, nyekundu, kijivu na kahawia, na sehemu moja zimebaki kama nguzo tatu zilizopangwa safu. Watu huziita mabomba matatu ya moshi. Lakini Marloes bila maji kupwa hakuna Marloes. Maji yakijaa mchanga karibu wote humezwa.

Whitesands, kwa Kiwelisi Porth Mawr, kilomita 3 tu kutoka mji wa St Davids. Ni mpana, una walinzi wa kuogelea kiangazi, na wanaopenda ubao wa mawimbi hukusanyika hapo. Nyuma yake kuna kilima cha Carn Llidi, mita 181, na kutoka kileleni unakiona kisiwa cha Ramsey, na siku angavu hata milima ya Ireland.

Newgale ni karibu kilomita 3 za mchanga mtupu, na nyuma yake kuna tuta kubwa la kokoto ambalo bahari imelisukuma yenyewe. Dhoruba za mwanzoni mwa 2014 zililivusha tuta hilo hadi barabarani. Ukisimama juu yake na kusikia kokoto zinavyovutwa na wimbi linaporudi, utaelewa kwamba lile tuta halijatulia na halitatulia.

Tenby ni mji, wenye nyumba za rangi juu ya bandari, ukuta wa kale na fukwe pande zote. Kiwelisi unaitwa Dinbych-y-Pysgod, ngome ndogo ya samaki. Ukiwa na watoto wanaotaka aiskrimu na vyoo karibu, anzia hapo bila aibu. Maji yakikauka unatembea mchangani hadi kisiwa cha St Catherine.

Na Amroth, pale njia inapoishia. Ufuko wa kawaida ukiutazama haraka. Lakini nenda bamvua, baada ya dhoruba kuondoa mchanga, utakuta visiki na mizizi ya msitu uliozama zaidi ya miaka 5,000 iliyopita bahari ilipopanda. Nimevigusa kwa kidole: vyeusi, laini kama sabuni iliyolowa, na bado nyuzi za mti zinaonekana.

Maji ni ya baridi kiasi gani? Naweza kuoga?

Unaweza, ila usitegemee Bahari ya Hindi. Mwisho wa Agosti maji hufika nyuzi joto 16 au 17 za Selsiasi. Februari na Machi hushuka hadi 8 au 9. Vaa nguo ya mpira ya kuogelea, ambayo maduka ya mawimbi hukodisha. Ingia polepole, lowesha shingo na uso, subiri pumzi itulie kabla ya kuogelea. Baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kupenda, na uso wake ukiwa majini anavuta maji. Wanaojua kuogelea vizuri hufa kwa njia hii.

Oga kati ya bendera mbili za rangi nyekundu na njano, pale walinzi wa RNLI wanapoangalia. Hiki ni chama cha hiari cha waokoaji wa baharini kilichoanzishwa 1824. Bendera nyekundu tupu maana yake usiingie. Ufuko wa Freshwater West una mawimbi mazuri ya kutazama, lakini mikondo yake ni mibaya. Usioge pale bila walinzi. Ukivutwa na mkondo usipambane nao. Lala chali, elea, tulia, kisha piga kelele na kuinua mkono. Aliye nchi kavu apige 999 na kuomba walinzi wa pwani.

Kuna pia samaki mdogo anayejifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yatapungua. Viatu vya majini vinakukinga.

Njia ni ya hatari? Watoto wanaweza?

Sehemu nyingi hazina uzio upande wa bahari. Njia ni ya udongo, upana wa mtu mmoja au wawili, na chini kuna mita 50 au zaidi. Mtoto mdogo mshike mkono upande wa bara. Usiende ukingoni kupiga picha: jabali limemomonyoka chini huku majani juu yakionekana mazima. Daraja la asili la mwamba linaloitwa Green Bridge, kusini, lilipoteza pande kubwa la jiwe kwenye dhoruba ya Oktoba 2017, na lile lilikuwa jiwe la chokaa gumu. Pakiwa na upepo mkali, ahirisha.

Kuna kupe kwenye majani marefu, kwa hiyo vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Nyoka mwenye sumu yuko mmoja tu Uingereza, naye huota jua njiani majira ya kuchipua. Ukimwacha, anajiondokea.

Mama yangu ana miaka 72 na mguu unamsumbua. Aje au abaki hotelini?

Aje. Mpeleke Saundersfoot. Kutoka bandarini pale hadi Wiseman's Bridge kuna njia tambarare inayopita kwenye mahandaki ya reli ya zamani ya makaa ya mawe, bahari ikiwa kando yenu muda wote. Ni mwendo wa nusu saa wa taratibu, na mwisho wake kuna mahali pa kukaa. Ufuko huo wa Wiseman's Bridge ndio uliotumika 1943 kwa mazoezi ya kutua majeshi kabla ya uvamizi wa Normandy.

Mabwawa ya maua ya maji ya Bosherston nayo yana vijia vizuri. Hifadhi ina viti vya magurudumu mapana ya kutembea mchangani ambavyo huazimwa kwenye baadhi ya fukwe. Uliza mapema kabla ya kusafiri.

Wale ndege wenye midomo ya rangi tunawaona wapi?

Pafini wapo kisiwa cha Skomer, zaidi ya 40,000 kwa hesabu za miaka ya karibuni. Huja Aprili na kufikia mwisho wa Julai wameshaondoka, kwa hiyo anayekuja Agosti amechelewa. Mashua huondoka Martin's Haven. Idadi ya wanaoshuka ina kikomo, weka nafasi wiki kadhaa kabla, na kumbuka bahari ikichafuka safari hufutwa. Kisiwani usitoke kwenye njia hata hatua moja, kwa sababu ardhi nzima imechimbwa mashimo ya viota na mguu wako utamfukia kifaranga.

Skomer pia ina mamia ya maelfu ya ndege weusi kwa juu na weupe chini ambao huja viotani usiku tu, kuwakwepa shakwe. Ni kundi kubwa kuliko yote duniani la aina hiyo. Wakimaliza kulea huruka hadi pwani ya Amerika Kusini, kisha hurudi kwenye shimo lilelile.

Na sili?

Mwaka mzima utaona vichwa vyao majini, vikikutazama kama wazee wenye vipara. Lakini kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba huzaa, na mtoto mweupe mwenye macho meusi hulala peke yake kwenye kokoto huku mama yuko majini. Watu hudhani ametelekezwa, hushuka kumsaidia, na hapo ndipo mama hukimbia kweli. Mama humnyonyesha kwa wiki tatu hivi tu. Kila mnyonyesho anaokosa ni mafuta yanayopungua mwilini mwake kabla ya baridi. Kaa juu, lala kifudifudi, tumia darubini, nyamaza. Niliwahi kumtazama mmoja kwa saa nzima nikiwa juu ya ghuba ndogo karibu na Strumble Head. Mama alitoka majini kwa kujikokota, akamnusa puani, ndipo akajilaza ubavu. Ni kwa kunusa ndiyo anamjua wake.

Kwa nini njia karibu na Castlemartin imefungwa leo?

Hapo ni uwanja wa jeshi wa kulenga shabaha. Bendera nyekundu zikiwa juu, wanapiga, na huruhusiwi kupita. Mara nyingi wikendi hufunguliwa, nawe unaweza kufika Green Bridge na kanisa dogo la St Govan, lililojengwa kwa mawe katikati ya ufa wa jabali, ngazi zikishuka hadi mlangoni. Tazama ratiba ya kufunga kabla ya kuendesha gari hadi kule.

Naona meli kubwa na matangi Milford Haven. Bahari ni safi?

Ni safi, lakini swali lako lina historia. Milford Haven ni bonde la mto lililozama na kuwa bandari yenye kina kirefu, ndiyo maana meli za mafuta na gesi huja. Tarehe 15 Februari 1996 meli ya mafuta Sea Empress iligonga miamba mlangoni mwa bandari, na tani 72,000 za mafuta ghafi zikamwagika katika siku zilizofuata. Maelfu ya ndege walikufa na uvuvi ukapigwa marufuku kwa miezi. Watu wa Tenby walisafisha mchanga kwa majembe na ndoo ili ufuko uwe tayari kabla ya Pasaka. Ukizungumza na mtu wa makamo pale atakukumbushia harufu. Leo fukwe nyingi za mkoa zinapimwa maji kila kiangazi na kupata alama za juu. Binafsi naipenda pwani hii zaidi kwa kujua kwamba iliwahi kukaribia kupotea.

Majina haya nayasomaje?

Ukijua maneno machache ramani inaanza kuzungumza. *Traeth* ni ufuko, *porth* ni ghuba au bandari ndogo, *aber* ni mlango wa mto, *ynys* ni kisiwa, *ogof* ni pango, *pen* ni kichwa, yaani rasi, na *carreg* ni mwamba. *Mawr* ni kubwa. Kwa hiyo Abermawr ni mlango mkubwa wa mto, na Porth Mawr ni ghuba kubwa. Herufi *w* mara nyingi ni irabu, husomwa kama *u* yetu. *Pwll*, ziwa dogo au shimo la maji, huanza na "pu". Visiwa vya Skomer, Skokholm na Grassholm vina majina ya Kinorsi yaliyoachwa na mabaharia Waviking. Kaskazini mwa mkoa bado Kiwelisi ni lugha ya dukani na ya nyumbani. Sema *bore da* asubuhi na *diolch* ukishukuru, uone nyuso zinavyofunguka.

Nitakula nini? Kuna halali?

Vijijini sana hakuna nyama halali. Nunua Cardiff au Swansea ukipita, na ukipanga nyumba yenye jiko utakuwa salama. Samaki na chipsi wapo kila mji, lakini uliza wamekaangwa kwa mafuta gani. Baadhi ya wauzaji hutumia mafuta ya ng'ombe.

Kuna chakula kimoja ambacho mtu wa pwani yetu lazima akione. Kinaitwa *bara lawr*, na ni mwani. Kwetu wanawake wa Zanzibar hulima mwani wa kuuza nje. Huku mwani mweusi mwembamba huokotwa kwenye miamba, huoshwa mara nyingi, huchemshwa saa nyingi hadi uwe uji mzito, kisha huchanganywa na unga wa oti na kukaangwa vidonge. Freshwater West bado pana kibanda kimoja cha kukaushia, chenye paa la nyasi, kilichosalia kati ya vingi. Angalia tu: mahotelini huletwa pamoja na nyama ya nguruwe, kwa hiyo uagize peke yake, au nunua wa kopo ukakaange mwenyewe na kitunguu.

Na sala?

Beba mkeka mdogo na dira ya simu. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki, ukielemea zaidi mashariki. Juni jua huzama karibu saa 3 na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi na Isha hukusukuma hadi usiku mwingi, panga usingizi. Nimeswali Alasiri juu ya jabali mara nyingi, na wapita njia hunyamaza na kupita kwa heshima.

Ninaogopa mbwa. Nitafanyaje?

Waingereza hutembea na mbwa, na wengi huwafungua. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba baadhi ya fukwe, au sehemu zake, haziruhusu mbwa kabisa. Kibao mlangoni huonyesha mipaka. Chagua hizo. Njiani, mwambie mwenye mbwa kwa sauti ya kawaida kwamba unaogopa, naye atamshika. Hawachukii kuambiwa.

Naweza kupiga hema popote?

Hapana. Ardhi karibu yote ina mwenyewe, na kulala bila ruhusa yake hakuruhusiwi. Viwanja vya hema viko vingi, na wakulima wengi hukubali ukiwaomba.

Sina gari. Nitafika?

Utafika. Treni kutoka London hadi Tenby au Haverfordwest huchukua karibu saa 5, mara nyingi kwa kubadilisha njiani. Mwambaoni kuna mabasi madogo yenye majina kama Strumble Shuttle na Puffin Shuttle, yanayofuata vijiji vya pwani. Hiyo ndiyo njia bora ya kutembea: unapanda basi hadi mbali, kisha unarudi kwa miguu hadi ulikolala, na huna haja ya kukimbizana na saa. Kiangazi yapo mengi, baridi yakija hupungua sana.

Nina siku moja tu. Niende wapi?

Abereiddy hadi Porthgain na kurudi, karibu kilomita 6 na nusu.

Ufuko wa Abereiddy mchanga wake ni mweusi, kwa sababu unatokana na mawe ya sleti. Okota kipande bapa kilichoanguka, kigeuze mwangani: unaweza kuona alama nyeupe zenye umbo la panda ya manati. Hao ni viumbe vidogo vilivyoishi baharini zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Tazama, kisha kirudishe. Usigonge jabali kwa nyundo. Pembeni kuna machimbo ya zamani ya sleti ambayo bahari imeingia, maji ya buluu ya kijani yenye kina cha mita 25. Vuli watu huombwa wasiingie humo kwa kuwa sili huzalia.

Panda juu. Baada ya robo saa utaona chini Traeth Llyfn, ufuko wenye ngazi za chuma zilizosimama. Shuka maji yakiwa yanapwa tu, usioge, na upande tena kabla hayajageuka. Kisha njia hufuata ukingo tambarare hadi utakapoona mnara mdogo mweupe wa kuelekezea vyombo, na chini yake Porthgain: bandari ya mtu kuvuka kwa hatua chache, na juu yake ukuta mkubwa wa matofali mekundu ulioshikilia mapipa ya kokoto. Kokoto hizo zilipakiwa melini kutengenezea barabara hadi 1931. Leo pana wavuvi wachache, kaa na kamba-koche kwenye mitego, na benchi linaloangalia mlango wa bandari.

Kaa hapo, kula ulichobeba au nunua samaki. Wakati wa kurudi, kama miguu imechoka, Strumble Shuttle hupita Porthgain na Abereiddy. Andika saa ya basi la mwisho kabla hujaanza kutembea, kwa sababu mtandao wa simu pale chini hupotea.